Sekunde 10 kwa Mguu Mmoja: Kujifunza Kuiandikia Programu Roboti ya Umbo la Binadamu

(Hotuba kwa wanachama wa klabu ya roboti na walimu wa hisabati, fizikia na TEHAMA. Imehaririwa kidogo ili isomeke.)

Mwenyekiti wa klabu, walimu wenzangu, ndugu wanafunzi, itifaki imezingatiwa.

Nashukuru sana kwa mwaliko. Katibu wenu alinitumia mapema maswali ya wanachama na nimeyasoma yote. Mengi yanazunguka jambo moja: tununue roboti gani, inauzwa bei gani, na mfadhili tutampata wapi. Nawaelewa. Ukiona video ya roboti yenye kichwa, mikono na miguu ikicheza muziki, hamu ya kwanza ni kuwa nayo mezani. Lakini naomba leo nilisogeze nyuma swali hilo, kwa sababu naona limekuja kabla ya zamu yake. Roboti ya namna hii humfundisha mtu pale anapoandika mwenyewe kile kinachoiwezesha kusimama. Akiishia kubonyeza kitufe cha "cheza" alichowekewa na kiwanda, amepata kitu cha kuonyesha wageni siku ya mahafali, basi. Na hiyo kazi ya kuisimamisha mnaweza kuianza wiki hii, kwa kompyuta mlizo nazo, kabla mfadhili hajajibu barua.

Nitatumia roboti moja kama mfano, kwa kuwa imepita mikononi mwa wanafunzi na watafiti wengi duniani na mambo yake yameandikwa sana. Inaitwa NAO. Ilibuniwa Paris na kampuni ya Aldebaran Robotics, iliyoanzishwa na Bruno Maisonnier mwaka 2005. Urefu wake ni karibu sentimita 58, na toleo lake la 6 lina uzito wa takribani kilo 5 na nusu. Ina mienendo 25 ya viungo inayoweza kuamriwa: shingoni 2, kila mkono 5, kila kiganja 1, kila mguu 5, na mmoja uko nyongani. Jumlisheni wenyewe, zinafika 25.

Huo mmoja wa nyongani nataka tuutazame kwa karibu. Mimi na wewe tunaweza kugeuza paja la kulia kuelekea nje bila la kushoto kusogea. NAO haiwezi. Wabunifu wake waliweka mota moja tu inayoyageuza mapaja yote mawili kwa pamoja, kwenye mihimili iliyoinama nyuzi 45. Ukiamuru mguu wa kulia ugeuke hapo, wa kushoto nao unafuata. Waliokoa mota moja na uzito wake, mzigo wakamwachia mwandishi wa programu. Kokotoa pembe zinazotakiwa na mguu wa kulia, kisha kokotoa zinazotakiwa na mguu wa kushoto: unaweza kupata majibu mawili tofauti kwa mota ileile moja. Lazima uamue mguu upi usikilizwe na upi uvumilie kosa dogo. Mwanafunzi wa kidato cha sita aliyezoea kwamba kila swali lina jibu moja nyuma ya kitabu anakutana hapo na uhandisi kwa mara ya kwanza, na napenda sana kuutazama uso wake wakati huo.

Kuna jambo jingine linalowashangaza wanaoanza. Programu ya kwanza ya karibu kila mtu ni kuinua mkono. Unaandika mistari michache ya Python: unganika na roboti, taja kiungo cha bega, taja pembe kwa radiani, taja kasi. Unaituma. Hakuna ujumbe wa kosa. Mkono nao umetulia palepale. Sababu ni kwamba kila mota ya NAO ina kiwango cha ukakamavu, kutoka 0 hadi 1. Kikiwa 0, mota haipewi nguvu na kiungo kimelegea. Unaweza kuusogeza mkono kwa kidole. Mpaka ukipandishe kiwango hicho, amri zako zote zinapokelewa na hakuna kinachotokea. Halafu ukisharekebisha, mkono ukapanda, watu wakapiga makofi, iache roboti imesimama kwa muda mrefu magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Mota za magoti zinapata joto, na mfumo unazipunguzia nguvu ili zisiungue. Roboti iliyotembea vizuri asubuhi inachechemea mchana, na programu haijabadilika hata herufi moja. Anayetengeneza tovuti au programu za simu hakutani na shida ya aina hii mara kwa mara. Hapa unajifunza kuwa mwili una hali yake, na ni juu yako kuiuliza kabla ya kuiamuru.

Sasa zoezi ninalolipenda kuliko yote: kuisimamisha roboti kwa mguu mmoja kwa sekunde 10. Linaonekana dogo. Ndani yake mna karibu kila kitu.

Kabla mguu wa kushoto haujaondoka sakafuni, uzito wote lazima uwe juu ya mguu wa kulia. Utajuaje uzito uko wapi? Kila kipande cha mwili, yaani kichwa, kifua, paja, muundi, wayo, kina uzito wake na kitovu chake, na namba hizo zimo kwenye nyaraka za mtengenezaji. Viungoni kuna sensa, yaani vihisio, zinazosoma pembe. Unachukua pembe hizo, unatumia sine, kosine na matriki kujua kila kipande kiko wapi angani, unazidisha mahali pa kila kipande kwa uzito wake, unajumlisha, unagawa kwa uzito wa roboti nzima. Hicho ndicho kitovu cha uzito. Dondosha mstari wima kutoka hapo mpaka sakafuni. Roboti ikiwa imetulia, mstari huo unapaswa kuangukia ndani ya wayo uliokanyaga. Ukiangukia nje, roboti inakwenda chini, na hakuna maneno matamu ya kuizuia.

Walimu wa hisabati, mnaulizwa kila mwaka matriki ni za nini. Jibu ni hilo. Mwanafunzi akizidisha matriki za bega, kiwiko na kiganja kwa mpangilio usio sahihi, kiganja cha roboti kinakwenda nyuma ya mgongo badala ya mbele ya kifua, na darasa zima linaona. Huhitaji kalamu nyekundu.

Mkishapata kitovu cha uzito, hamisheni nyonga polepole kwenda kulia. Chini ya kila wayo wa NAO kuna sensa 4 za mkandamizo. Chapisheni namba zake kwenye skrini huku nyonga ikihama. Mtaona za kushoto zinashuka na za kulia zinapanda. Za kushoto zikikaribia sifuri, ndipo inueni mguu. Wanaoanza hupenda njia ya mkato: hamisha nyonga kwa sekunde 2, kisha inua. Inafanya kazi leo juu ya meza. Kesho mnaiweka juu ya zulia, inalala kifudifudi. Anayesoma sensa anaiuliza sakafu ilivyo, na anayehesabu sekunde anaikisia.

Imesimama? Sasa isukumeni begani kwa kidole, taratibu. Kifuani mna jairoskopu na aksileromita. Jairoskopu inaeleza mwili unazunguka kwa kasi gani. Ukijumlisha kasi hiyo ili upate pembe, kosa dogo la kila usomaji linajilimbikiza, na muda si mrefu roboti inaamini imeinama wakati imesimama wima. Aksileromita nayo inajua chini ni wapi, ila kila mtikisiko wa mota unaichanganya. Kila moja peke yake inakupotosha kwa namna yake. Ukizitumia pamoja, moja inairekebisha nyingine. Njia maarufu ya kuzichanganya ni kichujio cha Kalman, alichokichapisha Rudolf Kálmán mwaka 1960, na kilichotumika kwenye urambazaji wa safari za Apollo za kwenda mwezini. Darasani si lazima muanzie huko. Kuna kichujio rahisi cha mstari mmoja: chukua sehemu kubwa ya jibu la jairoskopu na sehemu ndogo ya jibu la aksileromita, rudia. Andikeni hicho kwanza, chora grafu, mkiona kinapokwama mtamwelewa Kálmán alikuwa anatafuta nini.

Kisha rekebisheni kifundo cha mguu. Mwili ukianza kuanguka mbele, kifundo kisukume vidole chini. Kiasi cha kusukuma ni kasi ya kuanguka mara kizidishio fulani. Kizidishio kikiwa kidogo, roboti inaanguka. Kikiwa kikubwa, inaanza kutetemeka, inazidi, na inaanguka vilevile. Katikati kuna nafasi nyembamba ambamo inasimama. Mtu anaweza kukaa juma zima akiitafuta nafasi hiyo, na naomba walimu msimharakishe, wala msimpe namba. Mpeni kalamu na daftari. Aandike kizidishio, aandike kilichotokea, ahifadhi data za kila mzunguko. NAO ya toleo la 6 hubadilishana data na mwili wake mara 83 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 10 tu zinakupa safu zaidi ya 800 za namba za kuchambua. Huo ndio utafiti, na hauna tofauti ya aina na unaofanywa kwenye maabara kubwa. Tofauti ni ukubwa wa bajeti.

Kutembea sitakueleza kwa kirefu. Mwaka 1973, Chuo Kikuu cha Waseda huko Tokyo, kundi la Ichiro Kato lilikamilisha WABOT-1, roboti ya kwanza ya ukubwa wa mtu yenye mikono na miguu iliyoweza kutembea. Kabla yake, Miomir Vukobratović wa Belgrade alikuwa ameshaweka msingi wa hesabu: mwili ukiwa kwenye mwendo, kuangalia kitovu cha uzito pekee hakutoshi, kwa sababu kasi inapoongezeka au kupungua nayo inausukuma mwili. Lazima utafute nukta sakafuni ambapo nguvu zote za kupindua zinafutana, na uhakikishe nukta hiyo haitoki nje ya wayo. Watafiti wengi huirahisisha roboti nzima iwe penduli iliyopinduliwa, uzito juu na ncha chini, kama mtoto anavyosimamisha ufagio kiganjani: ufagio ukiinama, kiganja kinawahi chini yake. Kutembea ni kuacha mwili uanze kuanguka, kisha kuweka wayo mahali panapofaa kwa wakati unaofaa, hatua baada ya hatua.

Mwaka 1997 yalitokea mambo mawili ambayo napenda kuyaweka pamoja. Mwezi Mei, kompyuta ya Deep Blue ya kampuni ya IBM ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji. Mwaka huohuo, mjini Nagoya, Japani, yalifanyika mashindano ya kwanza ya RoboCup, soka ya roboti. Sataranji, mchezo tunaouona kuwa kilele cha akili, mashine ilikuwa imeshaumudu, na kwa niaba yake alikaa mtu wa kuisogezea kete. Kupiga mpira kulikuwa shida kubwa, na bado ni shida. Lengo la RoboCup linajulikana: ifikapo katikati ya karne hii, timu ya roboti za umbo la binadamu iwashinde mabingwa wa Kombe la Dunia kwa sheria za FIFA. Siwezi kuwaahidi kwamba litafikiwa. Nawaambia tu kwamba limewalea wahandisi wengi wazuri.

Kuanzia mwaka 2008, moja ya ligi zake ilianza kutumia NAO, ikichukua nafasi ya roboti ya umbo la mbwa ya kampuni ya Sony, iliyoitwa AIBO. Katika ligi hiyo timu zote zilitumia roboti ileile, hakuna ruhusa ya kuongeza mota wala kubadilisha wayo, na mechi ikianza hakuna rimoti: roboti inajiamulia. Kilichotofautisha bingwa na wa mwisho ni programu peke yake. Kwa maoni yangu, hakuna mtihani wa uandishi wa programu ulio wa haki kuliko huo.

Na waandaaji walikuwa na tabia moja nzuri sana: kila timu zilipozoea, walibadilisha sheria. Kwa miaka mingi mpira ulikuwa wa rangi ya chungwa. Ukitafuta pikseli za rangi hiyo kwenye picha ya kamera, umeupata. Mwaka 2016 ukaja mpira wa nyeupe na nyeusi. Uwanja una mistari myeupe, roboti zenyewe ni nyeupe, miamba ya goli ni myeupe. Mbinu ya rangi ikafa siku hiyo, na timu zikalazimika kutafuta umbo na madoa badala ya rangi. Baadaye nyingi zikahamia kwenye mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza kwa mifano, iliyofunzwa kwa maelfu ya picha, ikabanwa mpaka ikaweza kufanya kazi kwenye kompyuta ndogo iliyomo kichwani mwa NAO. Mwalimu anayetaka kujua kama wanafunzi wameelewa au wamekariri, afanye vivyo hivyo. Wabadilishieni mpira.

Timu ya B-Human ya Chuo Kikuu cha Bremen na kituo cha utafiti cha DFKI, Ujerumani, imetwaa ubingwa wa ligi hiyo mara nyingi. Na kila baada ya msimu wameuweka msimbo wao hadharani pamoja na ripoti ndefu inayoeleza kila sehemu. Mabingwa wanawapa wapinzani silaha zao. Nawasihi wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne: usisome vitabu peke yake, soma msimbo wa watu walioshinda. Utakuta humo maelezo yaliyoandikwa usiku wa kuamkia mechi, utakuta namba zisizo na sababu inayoonekana, na utajifunza mengi kwa kuuliza kwa nini namba ile ipo pale.

Najua kuna anayesubiri kuniuliza: mwalimu, zama hizi za akili mnemba, kwa nini nihangaike na vizidishio vya kifundo? Si roboti itajifunza yenyewe? Ni swali halali. Mwaka 2024 watafiti wa Google DeepMind walichapisha kazi yao kuhusu roboti ndogo za Robotis OP3, zenye urefu wa karibu sentimita 51 na viungo 20. Zilijifunza soka ya mmoja kwa mmoja ndani ya simuleta, yaani programu ya kompyuta inayoigiza roboti na mazingira yake, kwa kujaribu na kutuzwa, kisha programu ikahamishiwa kwenye roboti halisi bila mafunzo ya ziada. Zilitembea kwa kasi iliyozidi ile ya mwendo ulioandikwa kwa mkono kwa asilimia 181. Ni kazi kubwa, na simuleta waliyotumia, MuJoCo, leo ni programu huria.

Lakini isomeni kazi hiyo mpaka ndani. Roboti iliyojifunza kupiga mpira kwa nguvu zote ilikuwa inaharibu magoti yake. Watafiti wakaongeza adhabu kwenye mafunzo: kila goti likilazimishwa kupita kiasi, alama zinapungua. Nani angefikiria adhabu hiyo? Mtu anayejua gia ya goti inabeba nini. Ndani ya simuleta walibadilishabadilisha msuguano wa sakafu, uzito na ucheleweshaji wa amri, ili roboti isizoee ulimwengu mmoja tu. Nani alijua vitu vya kubadilisha? Mtu aliyewahi kuona roboti ikianguka juu ya zulia. Ujifunzaji wa mashine umempa mwandishi wa programu kazi mpya, na kazi hiyo inataka auelewe mwili zaidi ya zamani.

Sasa niwageukie walimu wa shule za msingi na sekondari, kwa sababu kuna ahadi nyingi zinazouzwa huku nje. Je, roboti iwekwe darasani ifundishe watoto? Ushahidi uliopo unatutaka tuwe waangalifu. Mradi wa Ulaya ulioitwa L2TOR ulijaribu NAO kama mwalimu msaidizi wa lugha ya pili. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2019, watoto 194 wa Uholanzi walifundishwa maneno ya Kiingereza katika masomo 7. Watoto walijifunza. Ila waliofundishwa na roboti pamoja na tableti hawakuwapita waliotumia tableti peke yake. Nawapongeza sana watafiti wale kwa kulichapisha jibu hilo waziwazi, kwa maana lingewezekana kufunikwa kwa picha za watoto wanaotabasamu.

Linganisheni na mradi wa CoWriter wa chuo cha EPFL, Lausanne, Uswisi. Wao waliigeuza meza. Roboti ndiyo ilikuwa mwanafunzi, tena mwenye mwandiko mbaya. Mtoto aliyepata shida ya kuandika alipewa kazi ya kuifundisha. NAO ilikuwa inapunga mkono hewani kana kwamba inaandika, herufi zake mbovu zikatokea kwenye tableti, na mtoto akaionyesha roboti namna ya kuzirekebisha. Mtoto ambaye daima ndiye wa mwisho darasani akawa mwalimu wa mtu fulani. Naona hapo mwili wa roboti una sababu ya kuwepo: ni vigumu kuihurumia tableti. Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: mtu akikuletea roboti ya kufundishia, muulize mwili wake unafanya kazi gani ambayo spika na skrini haviwezi. Asipokuwa na jibu, nunueni vitabu.

Kuna eneo moja la utafiti ambalo sisi tuna nafasi kuliko Paris au Bremen. Orodha ya lugha zilizokuja na NAO ina Kifaransa, Kijapani, Kiarabu na nyingine kadhaa. Kiswahili hakimo. Mradi wa L2TOR nao ulipata taabu na usikivu: programu za kutambua sauti zilishindwa kuwaelewa watoto wadogo vya kutosha, ndiyo maana majibu ya watoto yalipitia kwenye tableti. Leo kuna modeli za wazi kama Whisper, iliyotolewa mwaka 2022, inayosikia Kiswahili kwa kiasi, na kuna rekodi za Kiswahili zilizotolewa bure na wachangiaji wa mradi wa Common Voice. Sauti ya mtoto wa darasa la pili, katika chumba chenye mwangwi wa bati, na feni ya kichwani mwa roboti ikivuma, ni jambo jingine kabisa. Kulipima jambo hilo kwa uaminifu, kuonyesha ni maneno gani yanakosewa na kwa nini, ni tasnifu nzuri ya shahada ya kwanza. Ila sauti za watoto ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019. Ridhaa ya mzazi kwanza, kinasa sauti baadaye.

Narudi sasa kwenye suala la kununua, kwa maana sikulikimbia. Kampuni iliyobuni NAO iliingia mikononi mwa SoftBank ya Japani mwaka 2012, ikauzwa kwa United Robotics Group ya Ujerumani mwaka 2022, na mwaka 2025 mahakama ya Ufaransa ikaamuru ifilisiwe. Mali zake zikachukuliwa na kampuni ya Kichina. Fikirieni shule iliyofundisha kwa programu ya kampuni hiyo peke yake, ile ya kuburuta vibweta vya amri kwenye skrini, leseni na akaunti zote zikiwa zinategemea uhai wa ofisi moja huko Paris. Sasa mfikirieni mwanafunzi aliyekokotoa kitovu cha uzito kwa mkono wake. Mpe roboti nyingine yoyote yenye miguu miwili: atauliza urefu wa mapaja, uzito wa vipande, na mahali zilipo sensa, kisha ataendelea na kazi.

Kwa hiyo mkija kununua, tangulizeni vitu vilivyo wazi. Kuna Poppy, iliyobuniwa kwenye taasisi ya Inria huko Bordeaux: michoro yake iko hadharani, vipande vyake vinachapwa kwa printa ya 3D, na sehemu kubwa ya gharama ni mota. Kuna mkono wake mdogo wenye mota 6, Poppy Ergo Jr, unaofaa darasa lenye bajeti ndogo. Au jengeni mguu mmoja tu: mota 3 ndogo za servo (zile zinazogeuka hadi pembe unayozitajia), vipande vya plaiwudi, kidhibiti cha Arduino. Mguu mmoja ulioutengeneza na kuuandikia mwenyewe una mafunzo zaidi ya roboti nzima iliyofungiwa kabatini ikisubiri mgeni rasmi.

Na kabla ya hapo, simuleta. Webots ilianza EPFL mwaka 1996 na tangu Desemba 2018 ni programu huria, hailipiwi. Ndani yake mna NAO tayari, na nyayo zake, sensa zake, kamera zake. Mwaka 2021, janga la Uviko-19 lilipozuia safari, ligi ya RoboCup ya roboti za umbo la binadamu ilichezwa humo. Jueni tu mipaka yake. Mota za skrini hazipati joto msipoandika hivyo, gia hazina mlegezo, na sakafu ni tambarare kuliko sakafu yoyote ya hapa chuoni. Kinachosimama kwenye skrini kina haki ya kujaribiwa kwenye mwili, hakijashinda bado.

Siku mkipata mwili halisi, la usalama ni hili: usiweke vidole kwenye makwapa wala nyongani mota zikiwa na nguvu, na jaribio la kwanza la kila programu mpya lifanyike mtu mmoja akiwa ameishika roboti kiunoni na mwingine akiwa na kidole kwenye amri ya kusimamisha.

Katibu ana maelekezo ya kusakinisha Webots, nimeyaandika kwa Kiswahili na nimeyaweka kwenye flashi pia kwa wasio na bando. Jigaweni makundi, kila kundi liwe na angalau mtu mmoja anayependa hesabu na mmoja asiyezipenda. Jumamosi ijayo kila kundi lilete grafu moja: mkandamizo wa nyayo mbili, kuanzia roboti imesimama kwa miguu yote mpaka mguu wa kushoto uko hewani. Tutazibandika ubaoni zote na kuulizana kwa nini hazifanani. Sasa nipo tayari kwa maswali. Tuanze na dada yule wa nyuma, amenyoosha mkono muda mrefu.